Samaki Bado Yuko Majini

Nilikinunua Memorial, chini ya rundo la masweta,
shilingi elfu mbili, na muuzaji akanishangaa:
"Mama, hicho hakina hata picha."
Kizito. Ukikiegemeza mlangoni, upepo unasalimu amri.

Mwenyewe wa kwanza alipigia mistari kwa penseli,
mistari minyoofu, ya mtu mwenye meza na subira,
hadi ukurasa wa sitini na moja.
Hapo mstari unaanza chini ya neno
na kukatika kabla neno halijaisha.
Baada yake, weupe mtupu.
Sijui kilimpata nini. Usingizi, uhamisho, ndoa.

Mimi nachambua kahawa kiwandani, mwaka wa kumi na tisa.
Buni zinapita kwenye chekeche, kubwa zinabaki,
ndogo zinadondoka, zilizotobolewa tunazitoa kwa vidole.
Kwa hiyo kitabu kiliposema uteuzi, nikacheka,
nikasema hili nalijua, hili ndilo linalonilipia Luku,
nikafunua ukurasa kwa kiburi.
Ukurasa uliofuata ukanimenya.
Hakuna mkono, kinasema.
Chekeche lipo, mchambuzi hayupo.
Nikakifunga. Nikaenda kuosha vyombo
vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sentensi zake ni foleni ya kliniki:
unaingia asubuhi umeshika kiima,
ukifika dirishani saa saba
umesahau ulimleta nani.
Neno moja nililitafuta kwenye kamusi,
kamusi ikanituma kwa neno jingine,
lile nalo likanirudisha kwa la kwanza.
Nikasimama katikati kama mtoto wa wazazi wasiosemezana,
kila mmoja akinambia, kamuulize mwenzio.

"Umefika wapi?" ananiuliza Aikaruwa, vumbi la maganda kwenye nyusi.
"Kwenye samaki."
"Wiki iliyopita ulikuwa kwenye samaki."
"Anataka kutoka majini. Sentensi haijaisha."
Akacheka hadi buni zikamwagika,
na Bwana Ndekirwa akatutazama juu ya miwani.

Mama mkwe aliliona jalada Jumapili, amerudi ibada ya kwanza.
"Hiki ndicho kinachosema tumetoka kwa nyani?"
"Sijafika huko, mama. Niko kwenye samaki."
Akafikiri, akafungua kilemba.
"Afadhali samaki," akasema. "Analiwa."

Kigoda changu hakina mto.
Kifandugu kiliniuma kurasa kumi kabla sijafika
pale kinapotajwa: baki la mkia.
Nikajishika huko nyuma, jikoni, peke yangu,
nikaona haya, kisha nikaona huruma,
ya nani, sijui. Ya aliyekuwa nao,
na hakuambiwa kuwa unakwisha.

Jana umeme ulikatika Pasua nzima.
Nikawasha tochi ya simu, na mfukoni mwa aproni
nikakuta buni moja ya mviringo,
ile inayokua peke yake ndani ya tunda
mahali ambapo zingekua mbili,
kwa hiyo haina ubavu bapa, haikuegemea mtu.
Tunaitenga, ina daraja lake na bei yake.
Miaka kumi na tisa naitenga
na sijawahi kuiuliza, wewe, ilikuwaje?
Sijui kama ndiyo hitilafu ambayo kitabu kinaisema.
Huenda siyo. Huenda mwandishi angenisahihisha
kwa sentensi ya mistari tisa.
Niliiweka kwenye ukurasa, ikabingirika,
ikatulia kwenye mfereji wa katikati.

Ukurasa wa mia na nne.
Nikaomba penseli ya Ndeshi, yenye alama za meno,
nikapigia mstari sentensi moja
niliyoielewa yote, kuanzia kichwa hadi nukta.
Mstari wangu umepinda.
Atakayekikuta Memorial baada yangu
atadhani tulikuwa watu wawili wasiofanana,
na atakuwa amepatia.

Samaki ameweka pezi moja kwenye tope.
Chaji imebaki asilimia nne.